Asali ya Mahrous

Badar aliufuta ulimi kwa leso mbele ya mwenye asali, bila hata haya, akasema, "Nyuki wako unawalisha sukari, bwana."

Hiyo ilikuwa nyumba ya tano. Yeye na mtoto wa kaka yake walianza Nizwa juzi, wakateremka mji wa Adam, wakafika Ibra, na kila mahali yalikuwa yale yale: kikombe cha kahawa, kijiko cha asali, halafu Badar anatikisa kichwa. Asali moja ilinuka moshi. Nyingine iliwasha koo. Ya tatu ilikuwa tamu, lakini ikishamezwa haikuacha kitu mdomoni.

Mzee wa watu alikuwa na haki ya kuhangaika. Alizaliwa Unguja, akaja Oman kijana, akakaa ofisini Muscat miaka thelathini, na alipostaafu, badala ya kulala akapumzika, akajitia kufungua nyumba ya kuonjea asali mjini Sur, karibu na pwani. Ufunguzi ulikuwa Alhamisi. Watu wote wameshaalikwa. Ubao wa mlangoni umeshaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwamba hapa ndipo penye asali bora ya sumar, ile nyeusi ya maua ya mgunga, katika Sharqiyah yote. Kilichokosekana ni asali yenyewe tu.

"Nitachekwa, Laith," alisema walipokuwa njiani kuelekea Al Mintirib. "Mji mzima utanicheka."

Laith, mtoto wa marehemu kaka yake, ndiye aliyeshika usukani. Huko Al Mintirib ndiko alikokuwa akifanya kazi, kwenye kambi moja ya watalii jangwani, na hata siku za likizo ilikuwa taabu kumwona Sur.

"Amebaki Mahrous, ami. Asali yake haina mfano. Lakini hauzi, huwapa jamaa zake tu. Matajiri wa Muscat wamekuja na magari yao, wakarudi mikono mitupu."

"Sasa sisi tunakwenda kufanya nini?"

"Tunakwenda kuonja. Ila nakuomba kitu kimoja. Wewe kila nyumba unaanza na kahawa, na kahawa inaua ulimi. Hapa ukipewa, iweke chini, usiiguse mpaka uonje. Wataalamu ndivyo wanavyofanya."

Badar alikubali papo hapo. Neno mtaalamu lilimkaa vizuri.

"Na wewe ungekuwa na mke, saa hizi tungekuwa na chakula cha njiani," akamchokoza. "Miaka thelathini na moja!"

"Si wewe unayesema lazima awe anajua Kiswahili?"

"Lazima, wallahi! Nikae naye barazani tutazamane tu kama mabubu? Mie nikichoka, kichwa changu Kiarabu hakikitaki."

Laith alicheka, akaongeza mwendo.

Mahrous aliwapokea kwenye majlisi yake, mzee mwembamba wa kibedui, mrefu, mwenye sauti ya chini. Wanawe wanne walikaa wamejipanga ukutani. Waliulizana habari za afya, za mvua, za ngamia, za watu wote waliokuwa hai. Kisha kahawa ikamiminwa. Badar akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiweka kwenye mkeka mbele yake, akakunja mikono.

Mtoto mmoja wa Mahrous aliyekuwa akichezea simu aliizima. Mahrous alikitazama kile kikombe, akamtazama Badar, halafu akamtazama Laith kwa muda mrefu sana.

Badar akakaa sawasawa. Alijua ameshatambulikana kuwa ni mtaalamu.

"Hukunywa kahawa yangu," Mahrous alisema kwa Kiarabu chake kizito.

"Bado, sheikh. Na sitoinywa mpaka nipate nilichokijia."

Mahrous aliinamisha kichwa akawa anachezea ndevu. Badar aliiona Alhamisi inakuja, akauona ule ubao, akawaona wageni wanaulizana asali iko wapi, na kwa kweli aliogopa.

Mzee alipoinua uso, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mtu mzima kama wewe umetoka Sur mpaka kwangu, ukaweka kikombe chini mbele ya wanangu. Kwetu sisi mtu wa namna hiyo harudishwi. Kunywa, Badar. Umepata."

Badar alikinywa chote kwa mkupuo mmoja. Alikuwa bado hajakirudisha kikombe chini vigelegele vikalia kutoka vyumba vya ndani. Akawaza kwamba watu hawa, mashallah, asali wanaithamini kweli kweli.

Mahrous akamkumbatia. "Leo tumekuwa jamaa! Binti yangu Mazoon sasa ni wenu, na mwanao Laith ni wangu. Harusi mtasema nyinyi lini. Asali chukua mitungi unayoitaka."

Wale ndugu wanne wakamwangukia Laith, huyu anamgusisha pua kwa salamu, yule anampiga mgongoni. Badar akafumbua mdomo aseme kwamba pamepita makosa, lakini aseme nini na kahawa imo tumboni? Hapo ndipo alipoelewa kwamba kwa mabedui kikombe kikiwekwa chini ni posa, na kukinywa ni kukubaliana. Alhamisi yake imepona, lakini sasa amemwoza mtoto wa kaka yake bila ya kukusudia, tena kwa msichana wa jangwani ambaye yeye naye hata salamu ya Kiswahili hawatoweza kupeana.

Pazia likafunuliwa. Mazoon aliingia nyuma ya mama yake, ameshika sahani ya asali nyeusi kama kahawa, akapiga magoti kuitenga mbele ya Badar, mgongo kauelekeza kwa baba yake.

"Shikamoo, ami," alinong'ona kwa Kiswahili cha Unguja. "Laith, mwalimu wangu, kanambia wewe msahaulifu. Toka alfajiri naomba Mungu usije ukainywa kahawa mapema."