Kofia ya Chuma ya Shaweji

"Ng'ombe, kiti, mvua, chumvi, daraja," alisema Shaweji, akiyarudia maneno aliyopewa ayakumbuke, bila kukosea hata moja.

Daktari wa jeshi alitabasamu. "Kichwa kizima hiki. Kesho anarudi vitani."

Mama yake, Bi Tamima, hakuinuka. Alikuwa amepakata kofia ya chuma ya mwanawe, iliyobonyea ubavuni tangu siku bomu lilipomlipukia karibu.

"Afande, mbadilishie maneno."

"Mama, haya ndiyo maneno ya kipimo."

"Ndiyo hayo hayo ya mwezi jana! Askari wanafundishana pale nje kwenye benchi, wanayaimba kama watoto wa chuo cha Kurani. Hata mimi nimeshayahifadhi. Ng'ombe, kiti, mvua... basi nipe na mimi bunduki niende!"

Muuguzi alicheka, akajiziba mdomo.

"Mama, toka nje," alisema daktari.

"Sitoki. Huyu nimepewa na Mungu, sikupewa na wewe." Akaitua kofia mezani, juu ya mhuri ambao daktari alikuwa anataka kuuchukua. "Kofia imebonyea, kila mtu anaona. Kichwa kilichokuwa ndani yake hujakitazama bado. Muulize mimi ni nani."

Daktari akashusha pumzi. "Haya, Shaweji. Huyu ni nani?"

Shaweji alimtazama Bi Tamima, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Na wewe umemleta mgonjwa?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Tamima, huku ameikandamiza ile kofia kwa mikono yake yote miwili.