Taa Rangi Gani, Shemeji?

"Taa rangi gani, shemeji?" Kimmo aliuliza, kichwa kikiwa chini ya boneti.

"Kijani," Veikko alijibu kutoka kwenye kiti cha dereva.

"Basi piga stata."

Gari halikutoa hata mguno. Kimmo alitazama testa ya umeme mkononi mwake: sufuri.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, baridi nyuzi ishirini na saba chini ya sufuri. Saa tano alitakiwa awe Rovaniemi, mwendo wa saa nzima na ushei juu ya barafu, mlangoni kwa mtalaka wake, akamchukue binti yao Vilja. Ingekuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kukabidhiwa mtoto peke yake. "Ukikosa safari hii," mama Vilja alimwambia kwenye simu, "usinipigie tena."

Mwaka jana Kimmo alikamatwa akiendesha amelewa chakari. Alipewa nafasi moja tu: aendeshe gari hili na si jingine, likiwa limefungwa kifaa cha kupulizia. Unapuliza kwenye mrija. Pumzi ikiwa safi, taa huwa kijani na stata hupata umeme. Ikinuka pombe, huwa nyekundu, gari haliwaki, na kila nyekundu hubaki imeandikwa humo humo mpaka siku ya ukaguzi.

Veikko, mume wa dada yake, ndiye aliyemwokoa. Ni fundi wa magari, mtu asiyepoteza maneno. Kesho yake baada ya aibu ile alisimama mbele ya Kimmo hapa hapa uani, akanyoosha kiganja bila kusema kitu, na Kimmo akaweka ufunguo juu yake akilia kama mtoto. Tangu siku hiyo anaishi kwenye kijumba kilicho nyuma ya nyumba yao, na hajaonja hata tone.

Leo gari lilianza kwa kuwa kimya kabisa, dashibodi giza tupu. Hilo Veikko alilijua upesi: waya wa hasi wa betri ulikuwa umeliwa na kutu. Wakausugua, wakaubana, na taa za dashibodi zikawaka. Lakini stata, wapi! Wakabadilisha fyuzi, wakabadilisha na rilei, ile swichi ya kupitishia umeme wa stata. Kimmo ndiye aliyeshika testa, kwa kuwa mikono ya fundi ilikuwa ikitetemeka, na mtu mmoja sharti akae ndani apulize na kuzungusha ufunguo.

"Baridi ya mwaka huu imeniingia mifupani," Veikko alisema, akatupia pipi nyingine ya mnanaa mdomoni.

Irmeli, dada yake Kimmo, alitoka barazani na shali mabegani.

"Bado tu?"

"Umeme haufiki kwenye stata, dada."

"Haufiki, au unazuiwa?" Irmeli alimkazia macho. "Alhamisi nilikuta chupa yangu ya konyaki, ile pombe ya kutilia keki, imefichwa nyuma ya kuni za sauna. Tupu. Na bafu lile la mvuke tunaoga watatu tu."

"Si mimi. Naapa kwa mwanangu."

"Hata mwaka jana uliapa kwa huyo huyo."

Kimmo aliinama, akakaza tena waya wa betri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na dada yake ameumwa naye mara nyingi. Hata hivyo iliuma. Mwaka mzima wa maji na kahawa, na bado haaminiki.

"Mwache, Irmeli," Veikko alisema kwa upole kutoka ndani ya gari. "Kifaa ndicho kibovu. Jumatatu nitakipeleka kikaangaliwe."

"Jumatatu!" Kimmo alichungulia pembeni ya boneti. "Shemeji, Jumatatu nitakuwa sina mtoto. Nipeleke basi na gari lako."

"Nina kazi."

"Jumamosi?"

Veikko aliukodolea macho usukani. "Nimesema nina kazi."

Kimmo alirudi chini ya boneti, akaanza kuufuata umeme upya, waya kwa waya, vidole vimekufa ganzi. Kutoka betri, upo. Kwenye fyuzi, upo. Unaingia kwenye kifaa vizuri tu.

"Puliza tena!" alipaza sauti. "Taa?"

"Kijani."

Lakini upande wa kutokea, sufuri. Kimmo alishusha testa na kufumba macho. Alimwona Vilja amekaa kwenye ngazi na kibegi chake, viatu miguuni.

"Veikko! Simu yako inaita!" Irmeli aliita.

Veikko alishuka, akapita bila kumtazama, akaingia ndani. Irmeli akamfuata.

Kimmo alifunga boneti, akaketi kwenye kiti cha dereva. Mle ndani mlinuka mnanaa. Alichukua mrija, akapuliza kama mtu anayeaga, akazungusha ufunguo.

Injini ilinguruma mara moja.

Irmeli alitoka mbio, mikono kichwani. "Limewaka! Kimmo, limewaka!" Nyuma yake alikuja Veikko, amevaa koti, ufunguo wa gari lake mkononi, akitabasamu.

"Si unaona? Nenda basi, usichelewe. Na mimi niwahi kazini."

Kimmo alikuwa bado anatazama kioo kidogo cha kifaa, ambapo alama za asubuhi ile zilijipanga moja chini ya nyingine: nyekundu tano, kisha kijani moja. Alishuka, akaenda kusimama mbele ya shemeji yake, akanyoosha kiganja bila kusema kitu.