Wimbo Usiokuwamo Kitabuni

Kwaya moja ya wanyama ilimwimbia Mungu nyimbo za kitabu kimoja tu, kilicholetwa na ndege wa ng'ambo. Mwalimu wao, Korongo, alikuwa mkali, na hakuruhusu hata neno moja libadilishwe.

Nungunungu, mwoga kuliko wanakwaya wote, alikuwa akichimba mihogo siku moja akajikuta anamshukuru Mungu kwa maneno yake mwenyewe. Maneno yakawa wimbo. Akauficha.

Jumapili moja kabla ya ibada, wanakwaya walipokuwa wakikusanyika, wimbo ukamponyoka mdomoni. Alipogeuka, Korongo alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nungunungu, wimbo huo umo kitabuni?"

"Haumo, mwalimu." Miiba yote ilimsimama.

"Ameutunga nani?"

"Mimi. Nisamehe, sitarudia."

Korongo akainamisha shingo. "Urudie," akasema.

Nungunungu akauimba, huku akingoja kufukuzwa. Alipomaliza, Korongo alikuwa akilia.

"Na mimi ninao mmoja," akasema. "Niliutunga kwa lugha ya mama yangu, mwalimu wangu akaucheka mbele ya watu. Tangu hapo nikaufunga mdomo wangu, na midomo yenu pia."

Nungunungu akashusha pumzi, na miiba ikalala. "Basi tuimbie, mwalimu."

Korongo akaimba kwa sauti ya kutetemeka. Kwenye ubeti wa pili akakwama, maana miaka ilikuwa mingi na maneno yalikuwa yamemtoka. Papo hapo Nungunungu akamtungia mstari uliopotea, kwa lugha ya mama yake mwenyewe, na kwaya nzima ikaitikia.