Umekula, Mutoto Wangu?

«Umekula, mutoto wangu?» Mama Ernestine aliandika chini ya foto.

«Nimekula, mama,» Emerance akajibu. «Ugali na sombe. Usiwaze.»

Halafu akaweka telefoni juu ya meza, akapanguza mikono kwa kitenge, sawa na mutu aliyegusa maiti. Telefoni ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Jephté, mutoto wa ule mama, na Jephté alikuwa amekufa tangu wakati wa mvua kubwa.

Kazi ya Emerance ilikuwa kutangaza ku Facebook kituo kimoja nyuma ya Munigi, mahali wanalea watoto wa sokomutu, wale nyama wa pori wanaofanana na watu, ambao wawindaji waliwaulia mama zao. Yeye anapiga foto, anaandika maneno matamu, ba touriste wanakuja. Jephté alikuwa garde wa pale, mulinzi wa wale nyama. Ile jioni mulima ilitapika moto, alikimbia na katoto ka sokomutu ndani ya koti yake, mbingu nyekundu nyuma yake kama tanuru. Emerance akamupiga foto. Watu wa inchi zote wakaiona. Tangu pale Jephté akawa sura ya kituo, na katoto kakaitwa Moto.

«Madame Facebook,» Jephté alikuwa anamutania, «siku moja utanipiga foto nikijikuna, na watu wa Bulaya watatoa machozi.»

Kisha waasi wakashuka. Siku ile Jephté alikuwa porini na wenzake, wanatoa mitego ya wawindaji. Wenzake walirudi na telefoni yake, imejaa foto. Mwili walishindwa kuubeba.

«Hatutangaze mufu,» Viateur, shefu wa kituo, alisema. «Mutu wa Bulaya akisikia tu habari ya risasi, hakuji tena. Endelea kuweka foto za Jephté. Vita ikiisha tutaambia familia.»

«Na mama yake, shefu? Anaangaliaka paje yetu ya Facebook kila siku. Anaandika.»

«Basi umujibu vizuri. Hiyo nayo ni kazi yako.»

Mama Ernestine alikuwa kule Kirumba, ng'ambo ya vita. Emerance akawaza: akijua ukweli, huyu mama atashika balabala kuja kutafuta mwili wa mutoto wake, na balabala itamumeza naye. Ndiyo akafungua telefoni ya marehemu, akajibu mara ya kwanza. Uongo ni kama moto wa makaa. Unafikiri umeuzima, kumbe unatembea chini ya udongo.

Kitu kimoja kilimusaidia: mama hakupiga simu hata siku moja. «Rezo ya huku ni mubaya, usijisumbue kupiga,» aliandika. Emerance akashukuru Mungu. Wala mama hakumuita mutoto wake nyumbani. Kila mara ilikuwa: «Usikuje huku. Bakia palepale, mutoto wangu.»

Viateur alisoma ile, akacheka mpaka akakohoa. «Mama gani huyu anamukataza mutoto kurudi? Pengine amechoka kumupikia!»

Emerance hakucheka. Alikuwa ameanza kujiogopa. Vidole vyake vilikuwa vinaandika vichekesho vya namna ya Jephté, ambavyo yeye mwenyewe, mwenye haya namna ile, hangevitoa mu kinywa. Siku moja alifungua video moja ya Jephté karibu na Moto. Moto aliposikia ile sauti aliruka, akanyakua telefoni, akaigeuza ili aone nyuma yake. Hakuna mutu. Akaigeuza tena. Kisha akamuangalia Emerance, akamuangalia tu bila kulia, mpaka Emerance akatoka mbio.

Foto nazo zikaanza kuisha. Ilibakia ile ya Jephté amesimama ku mulango wa kituo, mukono juu, kama mutu anayeaga. Emerance alishindwa kuiweka. Akakata shauri: mama ataambiwa, tena kwa kinywa. Habari ya kifo haitumwi, inapelekwa. Akatafuta maneno. Akayarudilia akifua nguo, akayarudilia akisonga ugali.

Maneno yale hayakwenda mbali. Asubuhi moja alikuta binti amesimama mbele ya kituo, viatu vimejaa vumbi, na kipaji cha uso kile cha Jephté, kilekile.

«Miye ni Masika, dada yake Jephté,» binti akasema. «Nimezungukia Uganda. Yuko?»

Emerance akamukaribisha. «Ingia kwanza, mudogo wangu. Ukae.»

«Sikai, yaya wangu. Yuko ndani?»

«Masika, sikiliza. Kuko neno moja ya uchungu...»

«Acha nianze miye, kabla hajatoka.» Masika akamushika mikono yote mbili, akashusha sauti. «Wewe ndiye Madame Facebook, si ndiyo? Alikuwa anatuambiaka juu yako. Unisaidie, yeye anakuheshimu. Mama yetu hayuko tena. Tulimuzika kando ya balabala tukikimbia, kabla hata mvua kubwa haijaanza. Tuliogopa kumuambia Jephté. Unamujua, angeacha kazi, angepita katikati ya vita ili alie ku kaburi. Nikabakia na telefoni ya mama. Yale maneno yote, yaya, ni miye nilikuwa naandika.»

Akajipanguza macho haraka-haraka, akatengeneza kitambaa ku kichwa, akanyoosha shingo kuangalia mulango nyuma ya Emerance.

«Sasa umuite. Lakini polepole, asishituke.»