Dakika Kumi na Nne

Kwenye kongamano la teknolojia ya elimu wamenipa tuzo, mimi mkutubi wa shule, eti kwa kuwa mwaka mzima hakuna kitabu kilichochanika maktabani kwangu. Kitachanikaje, nani anakigusa? Vitabu vinasomwa na mashine, wanafunzi wanawekewa kichwani. Wakatutangazia kwamba kila hadithi sasa inaokoa dakika kumi na nne. Nikapiga makofi na wenzangu.

Nyumbani nikatoa kitabu changu cha darasa la nne, bado kimejalidiwa kwa gazeti, nimsomee binti yangu Namnyaki.

“Hicho nimeshawekewa, mama. Mbwa anakufa.”

“Mimi nililia mpaka bibi yako akaja mbio. Wewe hukulia?”

“Pa kulia walipaondoa,” akasema, akinihurumia. “Panachelewesha.”

Kumbe ndizo zile dakika nilizozipigia makofi.