Miche Iliyojiotea

Konokono walikuwa wamekufa tena. Waliokula mchicha walikuwa wazima, wanene, wanajiburuza kwa raha zao. Waliogusa ule mche wenye mshipa mwekundu katikati ya jani hawakufika mwisho wa tuta.

Binti aliinama auguse.

"Acha!" Mama Mdogo alimfokea kutoka mlangoni. Alikuja mbio na viatu vya mpira, akaung'oa mche ule na mingine iliyojificha kati ya mchicha, akaifunga yote kwenye gazeti. "Na baba yako usimwambie kwamba tunaing'oa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kusikia alisikia. Akamwona pia akiingia na lile furushi jikoni, ambako moto ulikuwa unawaka, na binti hakuwa mjinga. Magugu hutupwa jalalani. Nani huyapeleka jikoni?

Mama wa kambo huyo alikuwa na mwaka mmoja tu katika nyumba ile, na nyumba yenyewe haikuwa ya mumewe. Marehemu mama yake binti aliiandikisha kwa jina la mwanawe, akabidhiwe akitimiza miaka kumi na minane. Ilibaki miezi michache. Binti angetoweka kabla ya hapo, nyumba ingekuwa ya baba, na cha baba ni cha mkewe. Majirani walishaimaliza kesi hiyo zamani.

"Kaa chonjo, mwanangu," walimnong'oneza. "Yule anaikodolea macho nyumba."

Wala tabia ya Mama Mdogo haikumtetea. Alikuwa na sauti ya kufukuzia kuku, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. Upole wote wa nyumba ile ulikuwa wa baba. Alikuwa fundi saa. Kutwa ameinamia vijidude visivyoonekana kwa macho, na jioni anarudi kumpakulia kila mtu chakula chake, kama alivyozoea tangu afiwe na mke wa kwanza. Hata alipooa tena, upawa hakuuachia mtu.

Basi kila baba akishapakua, Mama Mdogo hunyoosha mkono.

"Hebu lete hiyo yako. Naona umependelewa. Chukua hii yangu."

Sahani zikabadilishwa. Baba huinamia sahani yake, kama mtu aliyechoka na ugomvi. Binti akabaki kuchokoachokoa chakula kile kwa woga, akijiuliza kwa nini lazima ale kilichopita mikononi mwa mwanamke yule.

Na miche haikukoma. Iking'olewa leo, wiki haiishi imechomoza mingine.

"Ni ndege tu hao," baba alisema siku alipoulizwa. "Wanaangusha mbegu popote."

Mama Mdogo alijitwika pampu mgongoni akaenda kuwapulizia vidukari dawa, pua wazi. Siku hizo ndipo alipoanza kutapika, mashavu yakambonyea.

"Ni hiyo dawa ya wadudu," baba alisema kwa huzuni. "Namwambia ajifunge kitambaa, hasikii la mtu."

Jioni moja binti alishindwa kuvumilia. Mkono ulipokuja, aliikumbatia sahani yake.

"Leo sitaki. Nitakula yangu."

Mama Mdogo aliinyakua kwa nguvu hata mchuzi ukamwagika mezani. Akala harakaharaka, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu, mpaka sahani ikawa nyeupe. Muda wote huo hakumtazama binti hata mara moja. Alimtazama mumewe.

Kesho yake mchana alianguka uani. Majirani walimbeba hadi kwenye gari la kumpeleka hospitali, na alipopitishwa getini akamshika binti mkono. Vidole vilikuwa vya baridi.

"Usilale hapa leo. Nenda kwa shangazi yako. Nakuomba."

Binti akajichomoa. Yuko hoi hivyo, bado anataka kumtoa kwenye nyumba yake! Gari likaondoka. Binti aliona raha, na wala hakuona haya kuiona. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijinyoosha kitandani akalala usingizi wa mchana kama mtoto.

Alipoamka jua lilikuwa linazama na nyumba inanukia vitunguu vya kukaanga. Njaa ilimuuma, njaa nzuri isiyo na woga. Meza ilikuwa imeandaliwa, lakini baba hakuwepo. Akatoka kumwita.

Alimkuta kwenye tuta la mchicha, amepiga magoti mahali pale palipong'olewa miche. Mbele yake palikuwa na karatasi iliyojaa mbegu nyekundu. Alikuwa akizichukua moja moja kwa kibano chake cha saa, anaitumbukiza kila moja kwenye tundu lake, kisha anaifukia taratibu kwa kidole gumba.

Baba aliinua kichwa. Akatabasamu kwa upole wake uleule, akajikung'uta udongo magotini.

"Umeamka, mwanangu? Twende ukale, nimeshakupakulia. Leo hakuna wa kukupokonya."