Ukuta wa Bahi

Dunia ilikuwa imekwisha tangu ukurasa wa kwanza. Sasa, ukurasa wa arobaini, Mazengo alisimama mbele ya ukuta uliolikata koloni la Bahi vipande viwili, akafungua mdomo, asiseme neno.

Kosa halikuwa lake. Zablon, aliyemchora, hawezi kuandika mazungumzo hata ya kuagiza chai. Yake ni picha; maneno ni ya mkewe, Penina. Miaka tisa wametunga katuni hivyo: yeye anaacha viputo vya maneno vitupu, Penina anavijaza, na wasomaji wa Dodoma wanavunjika mbavu.

Ila Penina alihama Jumapili, na mto wake na peni zote. Waligombana kwa ajili ya Mazengo huyu huyu. Bahi wamebaki watu mia mbili, wa mwisho duniani. Kaskazini, upande wa Mazengo, wana maji, Kusini wana moto, na kwa kiburi chao hakuna upande uliopika ugali tangu ukurasa wa kumi. Nani aombe radhi kwanza? Zablon alisema Kusini. Penina alisema Kaskazini. Sauti zikapanda, mlango ukabamizwa, na tangu siku hiyo Zablon anaishi kwa mkate mkavu.

Mchapaji kule mtaa wa Kikuyu alitaka ukurasa wa mwisho kabla ya saa nane. Lakini tuseme ukweli, Zablon hakuwa na habari na mchapaji. Alimtaka mkewe. Alimkosa mpaka akawa anaongea na rula.

Akamwita Habibu wa bodaboda, akampa bahasha.

“Mpelekee shemeji yako. Usimwambie nimekonda.”

“Kaka Zablon, si uende mwenyewe?”

“Mwanamume hajipeleki hivihivi. Washa pikipiki!”

Dakika tano tu, Habibu akarudi anatafuna. Penina alikuwa amekijaza kiputo cha Mazengo: “Hodi! Nina maji, nina kiu ya ugali, na akili sina!”

Zablon akacheka hadi akapaliwa. Akamchora Anastazia, kiongozi wa Kusini, mkono kiunoni, pua kaizidisha kidogo kwa kulipiza. Habibu akaenda, akarudi, midomo inang'aa mafuta. Anastazia sasa alikuwa anasema: “Pua yangu iache. Huo mkate si umebaki kipande kimoja?”

Zablon akaruka kitini. “Habibu! Umemwambia nakula mkate?”

“Mimi? Wallahi sikufungua mdomo ila kwa chapati.”

Saa saba na nusu kiburi kikamwisha. Akachora kisanduku cha mwisho: Mazengo kapiga magoti, ndoo ya maji kichwani. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani, akakijaza kiputo mwenyewe, kwa herufi zilizolewa: “Nimekosa. Nisamehe.”

Moyo ulimdunda kama wa mtu anayekwenda kuposa.

“Habibu, safari ya mwisho!”

Habibu alikuwa amejilaza juu ya pikipiki, kashika tumbo. “Kaka, nimeshiba mno. Hiyo peleka mwenyewe.”

Zablon akachomekea shati, akachana nywele, akasali kwa kifupi. Kisha akasogeza kabati la sebuleni lililouziba mlango wa jikoni, akagonga.

“Zunguka uani na pikipiki kama kawaida!” akajibu Penina kutoka ndani, na papo hapo ufunguo ukageuka.